Mtupo Bora Haupo: Namna Mitupo Inavyochaguliwa na Kupangwa katika Besiboli ya Vyuo

Mada yangu ya leo ni besiboli, tena besiboli ya vyuo vikuu vya Marekani, na najua baadhi yenu mmeshaanza kupiga miayo. Subirini kidogo. Wengi wetu tuliokuja huku tukiwa watu wazima tulilelewa na kandanda, na mchezo huu tunauona kama kazi ya kusubiri tu: mtu anatupa, mwenzake anapiga hewa, wote wanatema mate chini, halafu wanaanza upya. Lakini watoto wetu wanaucheza, wanafunzi wetu wanaucheza, na sisi tunakaa pale jukwaani tunapiga makofi kwa kufuata jirani. Basi nataka kueleza jambo moja ambalo ndilo kiini cha mchezo wenyewe: mtupaji anachaguaje mpira wa kutupa, na kwa nini mpangilio wa mitupo una uzito kuliko mtupo mmoja mmoja.

Dai langu ni hili: mtupo bora haupo. Mtupo mzuri kuliko yote ukirudiwa bila mpango unageuka kuwa zawadi kwa mpigaji. Anayeelewa hilo ameshaelewa nusu ya mchezo. Nusu iliyobaki ni swali la nani anayeamua, na hapo kwenye vyuo ndipo penye mgogoro.

Kwanza tukubaliane maneno

Anayetupa namwita mtupaji. Anayesimama na gongo (si ile ya kunywa, jamani) ni mpigaji. Aliyechuchumaa nyuma yake na glavu kubwa ni mdakaji. Kila mpira unaotupwa ni mtupo mmoja. Ukipita katika eneo halali, yaani juu ya kibao chenye upana wa sentimita 43, kati ya magoti na kifua cha mpigaji, unahesabiwa straiki. Mpigaji akipiga hewa ni straiki pia. Akiugusa ukaenda nje ya mistari, ni straiki vilevile, ila kwa kawaida mguso wa namna hiyo hauwezi kuwa straiki ya tatu. Mtupo unaopita nje ya eneo naye akauacha unaitwa boli. Straiki 3, mpigaji ametoka. Boli 4, anatembea bure hadi kituo cha kwanza.

Sasa tazameni namba. Kutoka anaposimama mtupaji hadi kwenye kibao ni mita 18.44. Mpira wa kilomita 145 kwa saa, ambao kwa chuo kizuri ni wa kawaida kabisa, unafika kwa takriban sekunde 0.4. Kulizungusha gongo lenyewe kunakula kama sekunde 0.15. Ukitoa na muda wa jicho kuuona mpira na ubongo kuutambua, kinachobaki cha kufikiri ni kidogo mno. Kwa maneno mengine mpigaji hawezi kungoja auone mpira mpaka mwisho ndipo aamue. Lazima akisie. Na palipo na kukisia, ndugu zangu, pana nafasi ya kudanganywa. Mfuatano wa mitupo ni chenga, sawa na ile ya winga anayemwonyesha beki kushoto akapita kulia, ila hii inapigwa kwa mkono na kwa mbali.

Vifaa alivyonavyo mtupaji

Kijana wa chuo kwa kawaida ana mitupo mitatu au minne. Wa kwanza ni mpira wa kasi. Unatupwa ukizunguka kinyumenyume, na ule mzunguko unausukuma hewani kwenda juu. Haupandi kweli, mvuto wa dunia hauna likizo, lakini unashuka kidogo kuliko macho yanavyotarajia, kwa hiyo mpigaji anauona kama unapaa.

Wa pili ni mpira wa kupinda. Huu unazungushwa kwa kwenda mbele, hewa inausukuma chini, na unashuka kuliko macho yanavyotarajia. Wa tatu ni slaida, ambayo ina kasi kuliko ule wa kupinda na inakata kwa upande mwishoni. Mtupaji wa mkono wa kulia akiitupa, inamkimbia mpigaji wa kulia. Wa nne ni ule ambao mimi napenda kuuita chenji: mkono unaonekana unatupa kwa nguvu zote kama mpira wa kasi, kumbe namna ya kuushika imeuvunja mwendo. Unakuja na upungufu wa kilomita 13 hadi 16 kwa saa. Chenji ni silaha nzuri hasa kwa mpigaji wa mkono wa upande wa pili, kwa sababu inaelekea kumkimbia yeye.

Upungufu wa kilomita 15 ni kitu gani? Pigeni hesabu. Mpigaji akianza kuzungusha gongo kwa saa ya mpira wa kasi, chenji inakuwa bado haijafika, iko nyuma karibu mita mbili. Kosa la sehemu moja ya mia ya sekunde linatosha kuupeleka mpira nje ya mstari. Hapa ni kosa la sehemu tano za mia. Warren Spahn, aliyeshinda mechi 363 katika ligi kuu, alikuwa akisema kwamba kazi yote ya mpigaji ni kupatia wakati, na kazi ya mtupaji ni kuuvuruga wakati huo.

Hesabu ya boli na straiki ndiyo bei ya soko

Kuna hesabu 12 zinazowezekana, toka 0 kwa 0 mpaka boli 3 kwa straiki 2, na kila moja inabadilisha bei ya kila mtupo. Boli zikiwa 3 na straiki 1, mtupaji yuko kwenye kona. Akikosea tena amempa mtu kituo bure, kwa hiyo anatafuta mtupo anaoumudu kuuelekeza, na kwa vijana wengi huo ni mpira wa kasi. Mpigaji naye anajua hivyo. Anausubiri kama anayemsubiri mdeni wake mlangoni siku ya mshahara.

Geuza hesabu: boli 0, straiki 2. Sasa mwenye kona ni mpigaji. Akiacha mtupo unaokaribia eneo anaweza kuitwa nje, hivyo inambidi afukuzie hata mipira michafu. Mtupaji anaweza kumtupia slaida inayoanza ndani ya eneo na kuishia nje, bila hofu ya kupoteza boli moja.

Ndiyo maana makocha wa vyuo wanapiga kelele sana juu ya mtupo wa kwanza, na juu ya mtupo unaofuata pale hesabu ikiwa 1 kwa 1. Kutoka hapo unaenda 1 kwa 2 au 2 kwa 1, na hizo ni nchi mbili tofauti kabisa.

Mfano: mitupo mitano

Tuchukue mfano wa kubuni. Mtupaji wa kulia, mpigaji wa kulia.

Mtupo wa 1: mpira wa kasi, chini, kona ya mbali na mwili. Straiki. Ted Williams, ambaye mwaka 1941 alipata wastani wa .406, alichora katika kitabu chake eneo lote kama vyumba 77 vya mipira na kuandika katika kila chumba angepata wastani gani. Kona hiyo ya chini na mbali ndiyo aliyoipa namba ndogo kuliko zote. Kwa hiyo mtupaji ameanzia mahali salama.

Mtupo wa 2: slaida, ikielekea palepale, halafu inakata na kutoka nje. Mpigaji anauacha. Boli 1, straiki 1. Umepotea? Hapana. Sasa mpigaji anajua kwamba kila kinachoelekea kona ile huenda kikageuka.

Mtupo wa 3: mpira wa kasi, ndani, karibu na mikono. Mpira wa ndani lazima upigwe mapema zaidi, mbele ya kibao, kwa hiyo unahisiwa una kasi kuliko ulivyo. Anachelewa, anaugusa, unakwenda nje. Boli 1, straiki 2.

Mtupo wa 4: kasi tena, juu ya kifua. Anauacha kwa shida. Boli 2, straiki 2. Huu nao una kazi yake: umemnyanyua macho na kumwambia aharakishe.

Mtupo wa 5: mpira wa kupinda, ukitoka mkononi kwa kimo kilekile cha mtupo wa 4, halafu unaporomoka hadi magotini. Gongo limeshapita. Ametoka.

Mtazamaji atasema, "Lo, mpira wa kupinda ule ulikuwa hatari!" Inawezekana ulikuwa wa kawaida tu. Hatari yake ilijengwa na mitupo minne iliyoutangulia. Mitupo miwili ikisafiri katika njia moja kwa sehemu kubwa ya safari, kisha ikaachana baada ya mpigaji kuamua, amekwisha. Wataalamu wanaizungumzia njia hiyo ya pamoja kama handaki: mipira inaingia mlango mmoja na kutokea milango tofauti. Ikiachana mapema, mpigaji anaisoma. Basi mtupaji anapochagua hatazami tu ubora wa kila mpira peke yake, anatazama ni upi unaofanana na ule uliopita kwa muda mrefu kuliko mingine.

Kuchanganya si kubadilisha kila mara

Hapa wenzangu mliosoma uchumi mtanielewa haraka. Mwaka 1928 John von Neumann alithibitisha nadharia yake ya michezo ya watu wawili, ambapo faida ya mmoja ni hasara ya mwenzake. Somo lake ni kwamba mara nyingi njia bora ni kuchanganya kwa bahati nasibu, na kiasi cha mchanganyiko kikiwa sahihi, kila chaguo unalotumia linakupa matokeo yaleyale. Mpiga penalti hufanya hivyo. Akipiga upande wake mzuri kila siku, kipa ataanza kumngojea huko.

Je, watupaji wanafuata? Mwaka 2009 Kenneth Kovash na Steven Levitt walichambua mitupo zaidi ya milioni 3 ya ligi kuu (si ya vyuo, nasisitiza). Walikuta mambo mawili. Kwanza, wapigaji walikuwa wakifanya vizuri zaidi dhidi ya mpira wa kasi kuliko mitupo mingine, maana yake ulikuwa unatupwa kupita kiasi. Pili, mtupo uliotoka kutupwa ulikuwa na nafasi ndogo ya kurudiwa kuliko inavyotakiwa. Yaani watupaji walikuwa wanabadilishabadilisha mno. Walikadiria kwamba kurekebisha makosa ya namna hiyo kungeipa timu hata ushindi wa mechi mbili zaidi kwa mwaka. Tangu hapo sehemu ya mipira ya kasi katika ligi kuu imepungua.

Lile la pili ndilo linalonifurahisha zaidi. Mwambie mtu yeyote aandike matokeo ya sarafu ya kubuni, ataogopa kuandika vichwa vinne mfululizo. Mtupaji naye akishatupa slaida mbili anaona haya kutupa ya tatu. Mpigaji mwerevu anaijua haya hiyo. Kwa hiyo kurudia mtupo uleule nako ni chenga, na pengine ndiyo chenga kali kuliko zote.

Vyuo vina mambo yake

Jambo la kwanza ni gongo. Vyuo vilianza kutumia magongo ya alumini mwaka 1974, wakati ligi kuu imebaki na mbao mpaka leo. Gongo la mbao ukilipiga karibu na mkono linavunjika, na mpira unadondoka kivivu. La chuma halivunjiki hivyo, na mpira mbaya uliogongwa karibu na mikono uliweza kuruka vichwa vya walinzi ukawa halali. Matokeo yake kizazi kizima cha watupaji wa vyuo kikazoea kukimbilia kona ya mbali tu, wakaogopa ndani. Mwaka 2011 sheria mpya za magongo zilipunguza nguvu yale ya chuma, mapigo yakashuka sana, na mwaka 2015 ukaletwa mpira wenye mishono bapa zaidi ili angalau uruke mbali. Mnaona? Fundi wa magongo naye yumo katika uchaguzi wa mtupo.

Jambo la pili ni ratiba. Vyuo vinavyokutana kwenye ligi zao hucheza mechi 3 Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, na timu ni zilezile. Mtupaji wa akiba aliyeonekana Ijumaa anarudi Jumapili, na wapigaji wamekaa siku mbili wanamjadili. Hata ndani ya mechi moja, inajulikana kwamba mpigaji anayekutana na mtupaji kwa mara ya tatu hufanya vizuri kuliko mara ya kwanza.

Mtaniuliza, mbona wapo waliotawala kwa mtupo mmoja? Yupo Kevin Kopps wa Arkansas. Mwaka 2021 aliwatesa watu kwa slaida moja kali iliyofanana na mpira wa kasi hadi dakika ya mwisho, akashinda mechi 12 na kunyakua tuzo ya Golden Spikes. Lakini msimu mzima aliingia kama mtupaji wa akiba, na wapigaji wengi walimwona mara moja tu na kwenda zao. Mwezi wa sita mwaka huo, katika mechi ya kuamua nani aende Omaha, Nebraska, ambako fainali za vyuo zimechezwa tangu 1950, alianzishwa kwa mara ya kwanza dhidi ya North Carolina State. Alisimama kishujaa hadi raundi ya tisa. Hapo mpigaji mmoja akaupiga mpira ukavuka ukuta, Arkansas wakalala 3 kwa 2. Ndiyo mechi pekee aliyopoteza msimu ule. Sisemi sababu ilikuwa kuzoeleka peke yake, uchovu nao ulikuwepo. Lakini siri inayosimuliwa mara nne haiwi siri tena.

Nani anaamua?

Hapa ndipo penye jambo lenyewe. Katika ligi kuu, kwa desturi ndefu, mdakaji anapendekeza na mtupaji anakubali au kutikisa kichwa. Vyuoni, katika timu nyingi, anayeamua ni kocha aliyekaa benchi. Zamani alijigusa kofia na pua kama mtu aliyeingiliwa na siafu. Baadaye wakaja na namba: kocha anatoa tarakimu, mdakaji anatazama kadi iliyofungwa mkononi, anaupata mtupo. Tangu msimu wa 2022 chama cha michezo ya vyuo kimeruhusu vifaa vya elektroniki vya kupeleka amri hiyo kwa upande mmoja tu, kutoka benchi kwenda uwanjani. Katika timu nyingine kijana haruhusiwi hata kutikisa kichwa.

Hoja za makocha si za kipuuzi. Wana takwimu za kila mpigaji, wanajua nani hawezi mpira wa ndani, na ajira zao zinategemea ushindi. Kijana wa miaka 19 ana mtihani wa kemia Jumatatu. Tena kadi ya namba haioni haya kurudia slaida mara tatu.

Lakini kocha yuko mbali. Mdakaji yuko hatua moja kutoka kwa mpigaji. Anaona miguu imesogea kuifuata kona ya mbali, anaona mikono imekaza, anasikia mpigaji anavyoguna baada ya kuchelewa. Anajua pia kwamba leo slaida ya mwenzake haikati, hata kama takwimu za mwezi mzima zinasema inakata. Habari hizi hazimo kwenye kadi. Na kuna la zaidi: kijana anayetii amri 120 kila mechi kwa miaka mitatu anatoka chuoni ana mkono mzuri na hajawahi kuamua kitu.

Na gharama ipo mwilini. Asiyejua kudanganya lazima atumie nguvu, na nguvu ina bei yake kwenye kiwiko. Upasuaji wa kurekebisha mshipa wa kiwiko, uliofanywa kwanza na Dkt. Frank Jobe kwa Tommy John mwaka 1974, leo wanafanyiwa vijana ambao ndevu hazijakomaa. Ripoti ya ligi kuu ya Desemba 2024 ilitaja wazi kukimbizana na kasi na kutupa kwa nguvu zote kila mara kuwa ndiyo sababu kubwa za majeraha. Mwaka 2023 Paul Skenes wa LSU alitoa wapigaji 209 kwa straiki tatu, tena akifikisha maili 100 kwa saa, na kila kijana akatamani ile kasi. Wachache walitazama jinsi slaida yake ilivyokuwa ikiwangojea wale waliokuwa wameharakishwa na kasi hiyo.

Kwa maoni yangu ya ualimu, kocha angeanza na mpango, akawaachia vijana utekelezaji. Awape takwimu kabla ya mechi, wakae wajadiliane, halafu uwanjani waamue wenyewe, na Jumatatu waulizwe kwa nini. Watapoteza mechi kadhaa. Sisi nasi darasani hatumfanyii mwanafunzi mtihani wake ili tupate wastani mzuri.

Basi siku nyingine mkiwa jukwaani, tazameni mambo matatu. Hesabu ya boli na straiki kabla ya kila mtupo, maana ndiyo inayosema nani ana shida. Mtupo uliopita, maana ndio mpigaji aliobaki nao kichwani. Na macho ya mdakaji: yakienda benchi kila mara, mjue anayecheza ni kocha. Kisha mkiwa garini mnarudi, msimuulize mtoto kama wameshinda, mlikuwepo mmeona. Muulizeni, "Ule mtupo wa mwisho, ni nani aliyeuchagua, na kwa nini?" Mtashangaa ana mengi ya kusema.

Wenye maneno bora kuliko "chenji" na "slaida" wayalete tuyajadili.

Naomba kuwasilisha.